Uchambuzi: Dar es Salaam yataka jiko safi, lakini nani atajaza mtungi?

Jiji la Dar es Salaam, lango la bahari linalotegemewa na Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, linajaribu kubadili namna wakazi wake wanavyopika, wanavyosafiri, wanavyotupa taka na hata mahali wanapojenga. Motisha zimetangazwa moja baada ya nyingine: mitungi ya gesi kwa nusu ya bei, umeme wa bei ya chini kwa mtumiaji mdogo, gesi asilia kwa magari na bajaji, fidia kwa wanaohama mabondeni. Lililobaki ni swali la mfuko wa mwananchi: je, msaada unaotolewa mara moja unaweza kuibeba familia mpaka mwezi wa pili na wa tatu?

Swali hilo halimhusu Mtanzania peke yake. Malori yanayopita Rusumo kuelekea Kigali hutoka bandari ya Dar es Salaam, umbali wa karibu kilomita 1,500. Sehemu kubwa ya mafuta na bidhaa zinazoingia Rwanda hupita katika Ushoroba huo wa Kati. Bonde la Msimbazi linapofurika na barabara ya Jangwani kufungwa, au bei ya gesi inapopanda bandarini, athari yake huvuka mpaka. Isitoshe, Kigali nayo iko katika safari ya namna hiyo hiyo. Yanayofaulu na yanayokwama kwa jirani ni somo lisilolipiwa karo.

Mkaa wa jiji moja

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao hupikia mkaa. Makadirio ya Benki ya Dunia yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba takriban nusu ya mkaa wote uliotumika Tanzania kwa mwaka uliishia katika jiji hilo pekee. Mkaa huo hutoka katika misitu ya Pwani, Morogoro, Tanga na kwingineko, ukasafirishwa kwa malori na pikipiki mpaka kwenye vibanda vya Mbagala, Manzese na Gongo la Mboto.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Siku chache baadaye alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika, uliomalizika kwa ahadi za dola bilioni 2.2. Kabla ya hapo, serikali ilikuwa imeziagiza taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku, zikiwamo shule na magereza, ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024.

Hoja ya serikali ina mashiko. Moshi wa jikoni huathiri mapafu ya akina mama na watoto, na misitu inayokatwa ndiyo inayohifadhi maji ya mito inayolinywesha jiji. Ugumu uko kwenye utekelezaji.

Nusu bei, mara moja

Wakala wa Nishati Vijijini, maarufu kwa jina la REA, uliandaa mpango wa kuuza mitungi ya kilo sita kwa ruzuku ya asilimia 50. Idadi iliyotangazwa ilikuwa mitungi 452,445, sawa na mitungi 3,255 kwa kila moja ya wilaya 139 za Tanzania Bara. Kwa hesabu ya taifa, hiyo ni idadi kubwa. Ikigawanywa kwa usawa wa wilaya, picha hubadilika. Temeke ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 mwaka 2022, na Ilala zaidi ya milioni 1.6. Wilaya moja ya jiji ina watu wengi kuliko mikoa kadhaa ya bara, ilhali ndiko mkaa unakotumika zaidi. Isitoshe, kwa jina na kwa majukumu yake, wakala huo umeundwa kwa ajili ya vijiji na vitongoji. Kwa hiyo mkazi wa uswahilini aliye katikati ya jiji anaweza kujikuta katikati: si wa kijijini apate ruzuku hiyo kwa urahisi, wala hana kipato cha kununua mtungi, jiko na mpira wake kwa bei ya dukani.

Hata anayepata mtungi hukutana na kizingiti cha pili. Kujaza upya mtungi wa kilo sita hugharimu zaidi ya shilingi 20,000 za Tanzania kwa mkupuo mmoja. Mkaa, kwa upande wake, huuzwa kwa kopo na kwa sado. Mama lishe anayepata fedha leo hununua mkaa wa leo. Kesho akipata, hununua wa kesho. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo jiko la mkaa linavyoendeshwa. Akijumlisha matumizi ya mwezi, huenda akagundua kwamba mkaa umemgharimu sawa na gesi au zaidi. Lakini hesabu ya mwezi ni anasa kwa mtu anayeishi kwa hesabu ya siku. Kinachomzuia ni kwamba muuza gesi anataka fedha yote leo.

Ndiyo maana mtungi wa ruzuku unaweza kuonekana pembeni ya jiko la mkaa katika nyumba moja. Mtungi hutumika kuchemshia chai asubuhi na kupashia chakula mgeni anapobisha hodi. Maharage na makande hurudi kwenye mkaa. Watafiti wa nishati hulijua jambo hili vizuri: familia haziachi nishati moja na kuhamia nyingine kwa siku moja, bali huchanganya kulingana na chakula, fedha na majira. Takwimu ya mitungi iliyogawiwa, kwa hiyo, haisemi ni kilo ngapi za mkaa zilizoachwa.

Suluhisho moja lilibuniwa Dar es Salaam kwenyewe. Kampuni changa ya KopaGas ilianza kufunga mita kwenye mitungi, ili mteja alipe kwa simu kadiri anavyotumia, hata kwa kiasi kidogo cha siku. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Circle Gas, na mfumo wa aina hiyo ukaenea Kenya. Maana yake ni kwamba gesi imejifunza kuuzwa kama mkaa, kwa kipimo kidogo na kwa fedha iliyopo mkononi. Ruzuku inayoelekezwa kwenye mita na kwenye kujaza, badala ya kuishia kwenye chuma cha mtungi, ingeweza kumfikia mtumiaji kila wiki.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Gesi ya mitungi huletwa kwa meli kutoka ng'ambo, na bei yake hufuata soko la dunia na thamani ya dola. Gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara, ambayo ni mali ya Tanzania, ni nyingine kabisa. Hiyo imekuwa ikizalisha umeme Ubungo tangu mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara lilikamilika mwaka 2015. Baadhi ya nyumba za Mikocheni na maeneo ya jirani zimeunganishwa moja kwa moja na bomba hilo, lakini ni chache mno zikilinganishwa na ukubwa wa jiji. Kulaza mabomba ya mtaani kunahitaji mitaa iliyopimwa na nyumba zilizopangwa. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijengwa kabla mpima ardhi hajafika.

Mtego wa uniti 75

Njia ya pili ni umeme. Kwa upande huu Tanzania imepata nafasi ambayo haijawahi kuwa nayo. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024, na mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Mafundi wa nishati wanasema jiko la shinikizo la umeme hupika maharage kwa umeme kidogo kuliko watu wanavyodhani. Umeme upo, na majiko yameanza kuonekana madukani.

Hata hivyo, muundo wa bei una mtego wake. Mteja mdogo wa nyumbani anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi amewekewa bei ya shilingi 100 kwa uniti. Akivuka kiwango hicho, bei ya kila uniti ya ziada hupanda zaidi ya mara tatu, na akiendelea hivyo anaweza kuhamishiwa kundi la wateja wa kawaida. Kiwango hicho kilibuniwa kuwalinda wanyonge wanaotumia taa, redio na pengine jokofu dogo. Hakikumfikiria mtu atakayepika kwa umeme. Familia inayotii wito wa nishati safi na kuanza kupika ugali na mchuzi kwenye jiko la umeme ndiyo inayovuka uniti 75, na hapo inapoteza unafuu uliokuwa ukiilinda.

Hapo sera mbili nzuri zinagongana mlangoni mwa mtu mmoja. Ya kwanza inamwambia atumie umeme apike. Ya pili inamwadhibu akitumia. Kurekebisha hilo hakuhitaji bwawa jipya. Kunahitaji kiwango kipya, au bei maalumu kwa uniti za kupikia, na uamuzi wa nani atakayebeba pengo la mapato ya shirika la umeme.

Bajaji, foleni na tozo ya barabara

Kwa usafiri, jiji lina jambo la kujivunia. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, yakiwa na mabasi 140. Mradi huo uliipatia Dar es Salaam tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Miaka iliyofuata ilionyesha upande wa pili: abiria waliongezeka kuliko mabasi, foleni za vituoni zikarefuka, na karakana ya Jangwani, iliyojengwa katika uwanda wa mafuriko, ilijaa maji mvua kubwa ziliponyesha na kuharibu mabasi. Awamu ya pili, kutoka Gerezani hadi Mbagala, imeletewa mabasi yanayotumia gesi asilia.

Madereva wa bajaji na teksi hawakusubiri awamu hizo. Wengi wao wamefunga mitungi ya gesi asilia, kwa kuwa gharama ya safari hushuka karibu nusu ikilinganishwa na petroli. Hapa motisha ilifanya kazi bila kampeni, kwani dereva aliiona faida jioni ile ile alipohesabu fedha za siku. Kilichokwama ni vituo. Kwa muda mrefu jiji lote lilikuwa na vituo vichache vya kujazia, na madereva walipanga foleni kwa saa kadhaa, wengine usiku kucha. Saa za foleni ni fedha ambazo hazikuandikwa katika hesabu ya unafuu.

Katika bajeti ya mwaka 2024/25, serikali ilipendekeza tozo ya shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi inayotumika kwenye magari, na mjadala mkubwa ukazuka. Hoja ya hazina haikuwa ya ajabu: barabara hutengenezwa kwa tozo iliyomo ndani ya bei ya petroli na dizeli, na anayetumia gesi au umeme hupita juu ya lami hiyo hiyo bila kuichangia. Lakini kumtoza dereva kabla vituo havijatosha ni kuvuna shamba ambalo halijapaliliwa.

Rwanda inaujua mjadala huo. Tangu mwaka 2021 imesamehe kodi magari ya umeme, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa Kigali zinatakiwa ziwe za umeme. Mwaka 2025 kodi ilirudishwa kwa magari ya mseto yanayochanganya petroli na umeme, huku yale ya umeme pekee yakiendelea kupata msamaha. Swali la lini kuondoa unafuu, na kwa nani, sasa linaulizwa katika miji yote miwili.

Bonde la Msimbazi na thamani ya ardhi ya maji

Hakuna mahali ambapo gharama ya mazingira inaonekana wazi kuliko bonde la Msimbazi. Mto huo hutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya makazi ya watu wengi na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji. Wengine walirudi bondeni, kwa sababu kazi, soko na shule vilikuwa huko walikotoka. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba zilizowekwa alama nyekundu ya X zilianza kubomolewa, na malalamiko yakafika mahakamani.

Mradi wa sasa umebadili mwendo. Kwa mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, pamoja na fedha za Uhispania na Uholanzi, mto utachimbwa na kupanuliwa, daraja jipya la Jangwani litainuliwa juu ya maji, na sehemu ya bonde itakuwa bustani kubwa ya jiji. Tofauti kubwa na zamani ni kwamba wenye nyumba wanalipwa fidia kabla ya kuhama, hata wale wasio na hati.

Lakini fidia ya nyumba na fidia ya ardhi ni mambo mawili. Bonde limeorodheshwa kuwa eneo la hatari, na ardhi ya hatari haithaminiwi kama kiwanja cha kawaida. Kwa mkazi wa Jangwani au Kigogo, hata hivyo, thamani ya mahali pake ilikuwa ni kutembea kwa miguu hadi Kariakoo, kupanga vyumba viwili kwa wapangaji, na kuuza maandazi barazani. Mtathmini hupima matofali na mabati. Hana safu ya kuandika umbali kutoka sokoni. Mpangaji naye, asiye na nyumba ya kuthaminiwa, huhama na vyombo vyake. Kigali ilipita njia kama hiyo ilipoanza kuwaondoa wakazi wa vinamasi mwishoni mwa mwaka 2019, na bustani ya Nyandungu iliyofunguliwa mwaka 2022 inaonyesha faida ya kuachia maji nafasi yake. Faida hiyo ni ya jiji zima. Kwa sababu hiyo, haiwezi kulipwa na waliohama peke yao.

Mfuko wa plastiki ulifundisha nini

Katazo moja lilishika haraka. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara Juni 1, 2019, kwa faini isiyopungua shilingi 30,000 kwa anayekutwa nayo. Wasafiri wa Rusumo wanakumbuka enzi ambapo mifuko ilikusanywa upande mmoja tu wa daraja. Baada ya katazo, mifuko mbadala ilikuwa kwenye maduka yale yale kwa bei ndogo, kwa hiyo mnunuzi hakulazimika kubadili njia yake ya sokoni. Vifungashio vyepesi vilipoanza kutumika kama mifuko, navyo vikapigwa marufuku mwaka 2021.

Taka zilizobaki ni ngumu zaidi. Sehemu kubwa haifiki dampo la Pugu Kinyamwezi. Huishia kwenye mitaro, na mvua ikinyesha hushuka Msimbazi hadi baharini. Katika kata ya Bonyokwa, shirika la Nipe Fagio limesaidia kujenga mfumo ambapo familia hutenganisha taka nyumbani, na ushirika wa wakusanyaji huzipitia nyumba kwa nyumba. Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni kwa ushirikiano na jiji la Hamburg imejenga kiwanda kinachogeuza taka za sokoni kuwa mboji. Miradi hii ni midogo, lakini ina jambo moja linalokosekana katika mitungi ya ruzuku: imemwajiri mtu ambaye kipato chake cha kila wiki kinategemea kazi hiyo kuendelea.

Cha kuangalia

Ukiyaweka mambo haya pamoja, mstari mmoja unaonekana. Pale ambapo mwananchi aliona nafuu siku ile ile, kama dereva wa bajaji au mnunuzi wa mfuko mbadala, mabadiliko yalikuja haraka hata kabla miundombinu haijakamilika. Pale ambapo msaada ulitolewa mara moja na gharama ikaachwa irudi kila mwezi, mtungi ulibaki pembeni ya jiko la mkaa.

Kwa hiyo katika miaka iliyosalia kabla ya 2034, idadi ya mitungi iliyogawiwa haitatosha kuwa kipimo. Yafaa kuangalia kama ruzuku itafika kwenye kujaza gesi, kama kiwango cha uniti 75 kitarekebishwa kwa anayepika kwa umeme, kama vituo vya gesi vitaongezeka kabla ya tozo, na kama wapangaji wa Msimbazi watahesabiwa kabla maji hayajahesabiwa. Rwanda, inayoagiza gesi yake kupitia njia hizo hizo na kuwahimiza wakazi wa Kigali waache mkaa, itakabiliwa na hesabu ile ile. Katika majiko ya Nyamirambo, kama ilivyo Manzese, mkaa bado unanunuliwa kwa fedha ya leo, na yeyote anayetaka kuuondoa hana budi kuleta gesi inayonunulika hivyo hivyo.